Simu Namba Nne

Saa kumi na moja alfajiri, Februari, Nebraska.
Theluji imefikia vioo vya gari la stesheni
nasi watu wanane kwenye meza ya kukunja
tumepangwa kama walioitwa kusahihisha mitihani:
simu, kalamu, fomu za rangi ya waridi,
na maandazi ya plamu ya Bi. Vlasta Kucera
ambayo hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuyagusa.

Mimi ni simu namba nne.
Namba tano ni Marlys Tesarek.

Orrin, ambaye mwaka mzima
hututajia bei ya mahindi na nguruwe,
leo anasoma majina ya watoto
kwa sauti ileile, isiyopanda wala kushuka,
kana kwamba akiipandisha kidogo tu
itamvunjikia mdomoni.

Siku mbili kila mwaka tunaichangia hospitali
iliyo mwendo wa saa tano kwa barabara.
Wengi wetu hatujui hata rangi ya kuta zake.
Marlys anajua. Anajua lifti ipi hukwama,
na mashine ipi ya kahawa humeza sarafu na kunyamaza.

Simu inalia. Dola kumi na tisa kila mwezi.
Simu inalia. Fundi bomba, hataki jina lake litajwe,
anataja la mkewe, kisha anakohoa muda mrefu.
Simu inalia. Msichana amevunja kibubu:
dola nne, senti thelathini na moja,
na kifungo cha shati.
"Kifungo nacho?"
"Nacho."
Naandika: kifungo, kimoja.

Haba na haba, sawa.
Lakini kibaba hiki kina tundu chini,
na kila Februari twarudi kumimina.

Kila nusu saa Orrin anarusha sauti ya Emmett, miaka saba:
*Nikipona nitaendesha trekta.
La kijani. Siyo jekundu.
Jekundu ni la babu, na linazimika.*
Kisha anacheka, kicheko kinageuka kikohozi,
na hapo mtu amekata kanda.

Ilirekodiwa Oktoba.
Januari ardhi ilikuwa ngumu kama sufuria,
wakaiwashia moto wa gesi usiku kucha
ndipo ikakubali kuchimbika.
Orrin alimfuata Marlys, kofia mkononi: niiondoe?
"Irushe," akasema. "Nyumbani naisikiliza peke yangu."

Saa moja. Namba nne. Sauti ya mzee:
"Yule mvulana wa trekta. Anaendeleaje?"

Mbele yangu nina karatasi ya majibu:
la kodi, la kadi, la anwani ya posta.
Hili halimo.
Nageuka. Marlys ameshausoma uso wangu,
ameshanyoosha mkono.
Waya wa simu unapita juu ya maandazi.

"Mimi ni mama yake," anasema.
"Alitutoka tarehe tisa Januari."

Hakuna neno.
Hata mimi, pembeni, nasikia mashine ya kukamulia kule zizini,
pfu-cha, pfu-cha, pfu-cha,
na ng'ombe mmoja akipiga kwato kwenye sakafu.

Kisha: "Mama, sisi huku ni watu wa trekta jekundu.
Tangu enzi za baba yangu.
Na halizimiki."

Marlys akacheka. Kicheko kilekile,
kile kinachogeuka kikohozi njiani,
ila safari hii hakuna aliyekikata.

"Niandikie ishirini," mzee akasema, "kila mwezi,"
akataja jina lake herufi baada ya herufi,
polepole, kama mtu anayehesabu ndama getini,
naye akaliandika kwenye fomu yangu,
kwa mwandiko wake uliolala upande,
akanirudishia mkono wa simu.

Ulikuwa na joto bado
ulipolia tena.