Mwendo wa Wastani

Kijikaratasi nilikichukua maktaba ya Lincoln,
kimekunjwa mara nne kama hirizi.
Ndani ramani, nambari moja hadi kumi na mbili,
na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa mchwa:
dakika arobaini na tano, kwa mwendo wa wastani.

Wastani wa nani?

Miaka mitatu nimo mjini humu
na ninachokijua ni basi la saa tatu usiku,
geti la kiwanda, glavu za buluu,
na koliflawa zikipita mbele yangu kwenye mkanda,
vichwa vyeupe, kama wazee kwenye foleni ya pensheni.
Leo Jumanne, siku yangu ya mapumziko.
Mtembezi hula miguu yake, mama alizoea kunionya.
Basi, leo nile.

Nambari moja: daraja lililobebeshwa nyumba mgongoni.
Juu watu wanakunywa chai, chini mto unapita
kama mpangaji asiyedaiwa kodi.
Nambari mbili: ukuta. Nambari tatu: ukuta.
Ya nne ni kilima, na jina lake ni Kilima Kikali;
wenyeji hawa kwenye majina hawafichi kitu.
Mawe yamelambwa na viatu
hadi yanateleza kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi.
Kuna chuma cha kujishikilia.
Nikakishika. Kilikuwa na vuguvugu
la mkono ulionitangulia.

Kwa nambari sita ramani inaamuru:
pinda kushoto penye sanduku jekundu la barua.
Sanduku halipo. Kuna duara la lami mpya tu,
kama kovu la chanjo begani.
Nikazunguka. Nikasoma vibao vya kutani:
hapa aliishi fulani,
hapa fulani alilala usiku mmoja,
mmoja tu, na wamemwandika!
Mimi usiku wangu elfu na ushei
nimeulala mchana.

Ndipo kikongwe mmoja, koti la kijani, mbwa wa miguu mifupi,
aliponiona na karatasi akaniuliza mimi,
mimi!
liko wapi lango la Warumi.
"Nimezaliwa nyuma ya stesheni," akasema,
"sabini na tisa sasa, na huku juu
sijawahi kuwa na sababu."
Jina lake Bi Winifred; la mbwa sikulishika.
Tukaenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila goti lake halikuwa na habari ya methali:
tulipumzika mara saba.

Lango ni tao la mawe. Limechoka, limesimama.
Gari la mikate likapita chini yake bila salamu.
Bi Winifred akalidunga kwa ncha ya mwavuli
kama mpishi anayepima muhogo.
"Dogo," akasema. "Miaka yote nilidhani kubwa."

Wakati wa kushuka, dirishani mwa duka la kona,
koliflawa moja ndani ya plastiki,
nembo ile ile, na ule mkunjo wa pembeni
ninaoukunja kwa kidole gumba.
Nilisimama pale
kupita nilivyosimama mbele ya kanisa kuu.
Bi Winifred alidhani nina njaa.

Nambari kumi, kumi na moja, kumi na mbili hatukuzifikia.
Ilikuwa Novemba; saa kumi jioni jua lilishafunga duka.

Alhamisi nikairudisha karatasi maktaba.
Niliazima penseli, nikaikata ile arobaini na tano,
nikaandika kwa Kiswahili, maana hakuna aliyekataza:
saa tatu nzima, ukiwa na mbwa.