Mkataba wa Mwaka Mmoja

Nililipa laki tatu na nusu, taslimu.
Ziara nne, dawa isiyo na harufu,
muhuri wa bluu juu ya sahihi yangu.
Kabati ni la msonobari tu, si mninga,
lakini ni la mama,
na mchwa walikwisha upanda mguu wa kushoto.

Akaja kijana, Ngalinda, buti mpya.
Akapuliza sebuleni, akapuliza jikoni,
kabati akaligonga kwa kidole kama daktari:
"Humu ndani, mama, ni mkataba mwingine."

Asubuhi nikafagia mjusi, tumbo juu.
Yule wa nyuma ya saa ya ukutani,
aliyenilia mbu miaka yote
bila risiti.

Aprili nikapiga simu. Fundi yuko Mbezi,
mvua, barabara haipitiki.
Julai, yuko njiani.
Desemba wakapiga wao, sauti ya asali:
"Mkataba wako unaisha Ijumaa. Tukuhuishie?"

Usiku, Tabata, umeme ukikatika
na feni ikinyamaza,
nawasikia ndani ya mbao, tik, tik.
Hawa hawajakosa zamu hata moja.