Hodi

Ko. Ko-ko. Kila tuta, Makutupora mpaka Kizota,
kuna mtu chini ya miguu yangu anabisha hodi.
Nimebadilisha shokapu, zote mbili.
Nimebadilisha bushi, boljointi,
nimebadilisha na mafundi.
Mgeni hakuondoka.

Ndahani hakugusa spana.
Alimkalisha kijana wake Mhogolo juu ya boneti
aitikise gari kwa makalio,
yeye akalala kwenye vumbi,
kiganja juu ya springi, macho kayafumba,
kama mkunga anayetafuta mtoto kalalaje.

"Tena. Polepole. Hapo!"

Akachomoa kichuma chembamba,
kichwa chake kinachezacheza ndani ya mpira uliokufa.
Linki ya stebilaiza. Bei yake
haifiki hata ile soda niliyowanunulia wale wa mwanzo,
ukihesabu na chapati.
"Bawaba imelegea, dada.
Wenzangu wamekuuzia nyumba."

Narudi jioni, upepo unasukuma gari ubavuni.
Tuta la kwanza, kimya.
La Veyula, lile baya, kimya.
Nikazima redio nihakikishe.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka,
nikausikia mlango wa nyuma.