Kopo la Maneno

Alhamisi, saa moja ya jioni, Denzil Vosper
hugeuza kibao cha mlangoni: KUMEFUNGWA.
Husogeza kando soli, gundi na misumari,
akalitua mezani kopo lililokuwa la tofi.
Tavistock yote inanyeshewa. Sisi ni watano,
au tuseme wanne na nusu, maana Thirza
husinzia kabla zamu yake haijafika.

Sheria ni chache. Neno lije na shahidi:
nani alilisema, wapi,
mikono yake ilikuwa ikifanya nini.
La kuokota kwenye kamusi halikatazwi,
ila aliyeifungua kamusi ndiye ataosha vikombe.

Mimi hupeleka barua, basi huvuna vizingitini.
Luscombe, mfuga kondoo wa kule Lydford,
akitia sahihi ya kifurushi alisema
kumeshakuwa dimpsy.
Nikamwomba arudie. Akanidhania kiziwi,
akapaza sauti, DIMPSY! mpaka mbwa akabweka.
Ni ile saa jua limekwisha kuaga
na giza halijabisha hodi,
na mtu hupapasa ufunguo anaouona.
Nilishuka kilima nikilimung'unya neno lile,
nikapita nyumba mbili bila kuziachia barua zao.

Hedley, mwoka mikate, yeye alileta groak:
kumkodolea macho anayekula,
ukiomba kwa kope akumegee.
"Shahidi?"
"Mbwa wangu."
Denzil akapinga. Hilo ni la Uskoti,
halina kibali cha kukaa hapa.
"Na mkeo je, si wa Aberdeen?"
Kesi ikafutwa. Biskuti zikazunguka,
na kila aliyeitazama sahani
alishtakiwa kwa kitenzi kipya.

Watu huniuliza, faida yake nini?
Sina jibu la kuweka benki.
Najua tu kwamba tangu nilipopewa smeuse,
tobo dogo chini ya ua wa michongoma
alipopachimba sungura kwa kupita, kupita, kupita,
sijapita tena penye ua bila kuinama.
Matobo yalikuwapo miaka yote.
Macho yangu ndiyo yaliyokosa mpini.

Rowena Chugg ndiye aliyekuwa tajiri wetu.
Maneno yake yalikuwa treni za mizigo,
ungeweza kunywa chai ukisubiri behewa la mwisho.
Kisha kiharusi, mwezi wa Novemba.
Alirudi Februari, na fimbo, na koti la dadake.
Zamu ikamfikia. Tukataka kumruka kwa adabu,
akatukatalia kwa kiganja.

Mfukoni hakutoa karatasi.
Alitazama mezani. Mdomo ukaanza,
ukarudi nyuma, ukaanza tena
kama mtu anayejaribu funguo za nyumba ya jirani.
Hita ikagonga. Thirza alikuwa macho.

"Spoon," akasema.

Denzil akachukua penseli. Hakumwonea huruma,
na kwa hilo nitamsalimu maisha yangu yote.
"Shahidi?"
Rowena akakiinua kijiko cha chai,
akakizungusha kwenye taa,
akaanza kucheka yeye kwanza.

Tulilijadili neno lile karibu saa nzima.
Hedley alisema linaanza kwa kutema na kuishia kwa kuvuma.
Thirza alikumbuka kijiko cha babake,
kilicholika upande mmoja
kwa kukwangua sufuria ile ile miaka arobaini.
Denzil hakujizuia, akafungua kamusi:
zamani, kumbe, neno hilo lilikuwa kibanzi cha mti.
"Kibanzi," tukasema, "kibanzi,"
na kila mtu akakitazama chake upya.

Likatumbukia kopo, juu ya dimpsy na smeuse,
kwa mwandiko wa fundi viatu.
Denzil akaosha vikombe. Sheria ni sheria.
Vijiko akavihesabu: vinne.
Cha tano kiliondoka na Rowena, mfukoni,
na mpaka leo hatujamdai.