Saa ya Pili

Skrubu zake si za msalaba wala za mstari.
Azzan alizifungua kwa kalamu ya wino:
akaiyeyusha ncha kwenye jiko la mama,
akaibonyeza ikiwa laini, akahesabu hadi ishirini,
akazungusha. Kalamu ile ninayo mpaka leo,
imepinda, ina meno, haiandiki.

Nje, Ruwi inachemka. Nyuzi arubaini na saba
na bado ni Mei.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi.
Naiweka kaseti juu ya taulo, kifudifudi,
nafungua: bodi ya kijani, vumbi la miaka thelathini,
na ile chipu ya ziada
waliyoitia humo kwa kuwa mashine peke yake
haikuweza kuchora milima.

Hata na msaidizi, milima ilikuja kwa kukohoa.
Fremu kumi kwa sekunde; siku njema, kumi na mbili.
Sisi watoto hatukujua kuwa huo ni uzito.
Tulijua tu: bonyeza kushoto kabla ukuta haujaja,
sema bismillahi,
ndipo ndege igeuke.

Biju wa vipuri, nyuma ya kituo cha mabasi,
ana droo mia mbili zisizo na majina.
Nikamwomba fuwele inayotetemeka kwa kasi zaidi.
"Ya mchezo?"
"Ya mchezo."
Akanitazama, mwanamke wa miaka arubaini na moja,
mkaguzi wa hesabu, mkoba wa ofisini begani,
akanipa tatu: ishirini na nne, ishirini na nane, thelathini na mbili.
Ya tatu akakataa pesa yake.
"Hiyo itakuaibisha."

Mguu mmoja wa chipu nauinua kwa sindano.
Ndio uliokuwa ukisikiliza saa ya mashine.
Sasa hausikii. Natia waya mwembamba
kuliko unywele wa mtoto mchanga, naulehemu,
chipu inapata saa yake yenyewe.

Nyumbani kwetu saa zilikuwa mbili.
Ya ukutani, ya shule na ya redio: saa saba.
Ya mdomoni mwa mama: saa moja, amkeni,
jua limeshawapita!
Baina yao sita, na hakuna aliyechelewa.
Ila siku mwalimu alipouliza mnaamka saa ngapi,
Azzan akaigeuza saa ya mama kwa Kiarabu:
kumi na moja.
Darasa likacheka siku mbili.

Ishirini na nne: milima inateleza.
Ishirini na nane: ya Rabi, kumbe mto ulikuwa na ukingo!
Muziki haukuharakishwa, una mwendo wake mahali pengine,
unatembea kama bibi harusi
huku picha inakimbia mbele yake bila viatu.
Nami nagonga ukuta.
Nagonga tena.
Ukuta wa kwanza kabisa, ambao nikiwa na miaka tisa
niliupita huku nikitafuna mandazi.
Vidole vinageuza mapema mno.
Vilifunzwa kungoja, na hakuna tena cha kungojea.

Thelathini na mbili, kwa ubishi tu.
Pembetatu zikaachana. Bawa likaenda zake,
mlima ukafunguka kama mwavuli, ndani mna giza.
Nikagusa chipu, ikaniuma kidole.
Nikazima.

Azzan yuko Duqm, zamu ya usiku.
Upepo unaingia kwenye simu kabla yake.
"Umeifungua?"
"Kwa kalamu yako."
"Umeweka ngapi?"
"Ishirini na nane."
Anakaa kimya. Namwambia basi,
nitatoboa ubavuni nitie swichi:
upande huu mpya, upande huu ile yetu.
"Ile yetu," anasema, "usiiguse."

Atakuja Alhamisi, saa mbili.
Sikumuuliza kwa saa ipi.