Mguu wa Kushoto

"Vua kiatu," fundi Oyoo aliniambia,
nami nikadhani ananitania.
Tulikuwa nyuma ya soko la Kibuye, saa mbili asubuhi,
viti mia mbili vya plastiki vimepandana kwenye pikapu
na Chavakali wanazika kesho.
"Vua. Soli haijui kitu.
Klachi husomwa kwa unyayo."

Nikavua. Pedali ilikuwa baridi, raba yake imelika
upande mmoja, kama kisigino cha mtu anayechechemea.
"Kanyaga polepole. Usiiamrishe. Isikilize."

Niseme ninayoyajua sasa, maana siku hiyo sikuyajua:
pedali ikizama kama mguu kwenye mashamba ya mpunga Ahero
na isirudi, chungulia kikopo cha mafuta;
hewa imeingia, au yanavuja
wewe ukiwa umelala, tone kwa tone.
Ikiwa ngumu mpaka goti litetemeke,
waya umekauka ndani ya ala yake.
Ukikanyaga ikalia kama panya guniani,
ukiachia ikanyamaza, hiyo ni beringi
inaomba kustaafu.
Rivasi ikisaga meno, klachi haiachii.
Na ikishikia juu, juu kabisa, mguu karibu uondoke,
injini ikipiga kelele na gari likijikokota,
kisha harufu ije,
ya kwato za ng'ombe zikibabuliwa makaani,

basi. Yangu ilikuwa hiyo.

Oyoo akaketi kwenye kiti changu, peku,
akakanyaga mara tatu, macho kafumba
kama mtu anayeonja mchuzi
na hataki kumsifu mpishi.
Akashuka. Akafuta unyayo kwa gazeti.
"Mama Viti, pleti hii haikuuawa na mzigo.
Kuna mtu anapumzisha mguu wake hapa
barabara nzima, hata penye tambarare.
Dereva wako ni nani?"

Dereva ni mimi. Hakuna mwingine.
Kisia alipofariki nilibeba viti vya matanga yake
kwa gari lake mwenyewe, safari moja bila malipo,
na kwenye mlima wa Riat, nyuma ya lori lililokwama,
pikapu ilirudi nyuma.
Hatua nne. Labda tano.
Kijana wa baiskeli aliruka mtaroni na kreti ya mikate.
Hakuumia. Hata alicheka,
akaokota mikate, akaipanguza kwa shati.
Tangu siku hiyo mguu wangu wa kushoto haujatua sakafuni.
Hukaa juu ya pedali, haukanyagi, hauachii,
kama mkono wa mgeni kwenye kitasa cha mlango.

Haya sikumwambia Oyoo.
Nilimwambia, "Barabara ni mbaya."
Akanitazama, akaitazama raba iliyolika.
"Ya Chavakali ina lami," alisema,
akaenda kutafuta spana.

Saa kumi alinirudishia ufunguo
na ile pleti ya zamani, imefungwa kwa gazeti lilelile,
nyembamba, nyeusi, laini kama sarafu ya zamani.
Sijui kwa nini niliipokea.

Riat ilinikuta peku.
Mbele yangu lori likasimama, nyuma yangu honi.
Nikavuta hendibreki. Nikaachia klachi
kidogo, kidogo tena, mpaka pua ya pikapu ikainuka
unene wa kidole, na mtetemo
ukanipanda unyayoni, ukafika gotini.
Hapo ndipo inaposhika, kumbe.
Nikashusha hendibreki.
Viti mia mbili vikagongana mara moja, vikanyamaza.
Tukapanda.

Gia ya tatu, barabara imenyooka,
nikauondoa mguu, nikautafutia pa kukaa,
na kushoto mwa pedali kisigino kikatumbukia
kwenye kibonyeo cha zulia, cha miaka kumi na minne,
kikubwa kuliko changu.

Nikauacha hapo hadi Chavakali.