Uzi wa Katani

Mama yangu, Thirza Gotts, alikuwa muongo wa kuajiriwa:
pauni mbili kwa saa na chai ya bure
katika nyumba kongwe ya mashamba ya Norfolk,
paa la matete, boriti nyeusi,
ukumbi unaonuka nta na makoti ya watalii yaliyolowa.

"Tazameni juu," husema, na shingo ishirini huinuka.
"Enzi hizo paka na mbwa walilala humo paani
wakitafuta joto. Mvua ikizidi, matete yakiteleza,
waliporomoka, puu!
juu ya kitanda cha mwenye nyumba.
Ndiyo maana mpaka leo tunasema
inanyesha paka na mbwa."

Watu hucheka. Daima yupo mmoja anayeandika.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliketi ngazini nikiuza kadi za posta,
na niliamini kila neno.
Niliamini bega la baridi:
kwingine mgeni akizidisha siku hupewa jembe,
sisi, alisema Mama, tulimpa bega la kondoo lililopoa,
akaelewa, akafunga mizigo.
Niliamini kengele hasa.
Zamani, alisema akishusha sauti,
waganga walikosea, watu wakazikwa wazima.
Basi maiti alifungwa uzi kidoleni,
uzi ukapanda hadi kengele juu ya kaburi,
na mlinzi akakesha akisikiliza.
Aliyeamka akavuta
aliokolewa na kengele.
Hapo watoto wote hushika mikono ya mama zao.

Siku moja ya Oktoba mtu alikohoa kule nyuma.
Desmond Hurrell, mwezekaji. Viganja kama magome.
"Bibi, nimeezeka miaka arobaini na moja.
Humo nimekuta viota vya shomoro, panya, popo aliyekauka,
na mara moja meno ya bandia.
Paka, labda. Lakini mbwa?
Paa lina mteremko kama ukuta. Mbwa gani huyo, mwenye ngazi?"

Kimya.
Mama alikunja mikono. "Basi tuambie wewe. Msemo umetoka wapi?"
Akajikuna kidevu, mzee wa watu, akafikiri kwa haki.
"Sijui."
"Na nani," akasema Mama, "atalipa kiingilio kuja kusikia sijui?"

Usiku ule akimenya viazi nikamuuliza.
Hakugeuka.
"Neno ni kama mtoto wa kuokotwa," alisema.
"Haliwezi kukaa hivihivi. Litafutiwe baba."
Ganda lilishuka refu, halikukatika.
Sikuuliza tena.
Mimi mwenyewe nilikwisha kutajiwa baba wawili:
mpiga tarumbeta wa Hull,
na mhandisi aliyefia Kanada, kwenye theluji, akiliita jina langu.
Nilimpenda zaidi wa Kanada.

Tumemzika Februari hii.
Nimesoma sasa, nimesoma vya kutosha:
hakuna mbwa, bega ni bega tu,
na kengele ile imetoka kwenye ulingo wa ndondi,
ama ndivyo wasemavyo wengine, nao nani aliwatuma.

Lakini asubuhi, kabla ya kifuniko,
niliomba niachwe naye dakika tano.
Mfukoni nilikuwa na kibunda cha uzi wa katani wa jikoni,
ule wa kufungia nyama. Nilikinunua jana yake
bila kujiambia ni cha nini.
Nikamfunga kidole cha shahada. Fundo mbili.

Makaburini walipokuwa wanamshusha
ncha ilichungulia kwenye ukingo wa jeneza,
nchi tatu, nne. Uzi mfupi. Haukufika popote.

Desmond Hurrell aliuona.
Alikuwa amekuja peke yake, kofia mkononi,
amezeeka kuliko nyumba ile.
Aliuangalia uzi, akaniangalia mimi,
na kwa mara ya pili maishani mwake mbele yetu
angeweza kusema kitu.

Mvua ikaanza. Ya kawaida. Ya maji tu.
Tulisimama pale, mimi naye, wengine walipokwisha kwenda,
vichwa tumeviinamisha kidogo upande mmoja,
kama watu wanaosikiliza.